Halloween za familia zetu: mnakumbuka desturi zipi, na zimebadilikaje?

Mama_wa_Wanne (Des Moines, Iowa)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Maboga yameanza kupangwa kwenye vibaraza vya mtaa wetu, na kila nikiyatazama nazikumbuka Halloween, zile jioni za mwisho wa Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kubisha hodi kwa majirani wakiomba pipi, za wakati watoto wangu walipokuwa wadogo. Ningependa kujua wenzangu mliolea watoto katika nchi hizi mna kumbukumbu gani, ni desturi zipi za familia mlizianzisha wenyewe au mlizipokea kwa majirani, na kati ya hizo ni zipi zimebadilika mpaka hazitambuliki.

Katika jiji hili kupita nyumba kwa nyumba kuna sharti lake: mtoto hapewi pipi mpaka atoe kichekesho au kitendawili. Tena kwa miaka mingi usiku wenyewe haukuwa tarehe 31 Oktoba bali tarehe 30, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Wenyeji husimulia kwamba chanzo chake ni Halloween ya mwaka 1938, ambapo vijana walifanya uharibifu mkubwa mjini, na wakuu wa jiji wakaona heri watoto watengewe usiku wao, wakiwa na jambo la kutoa kabla ya kupokea.

Sisi tulipofika hapa, mambo ya mafuvu na popo yalitushangaza, wala sikuona haraka ya kuyaingiza nyumbani kwangu, lakini habari ya kutega na kutegua haikuhitaji mwalimu. Siku za kuelekea usiku ule watoto walikaa mezani wakichagua vitendawili walivyofundishwa na bibi yao, wakavitafsiri, wakavijaribu kwa wenzao wa shule, na kile ambacho hakikueleweka wakakiacha. Kilichopendwa kuliko vyote ni "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anasimama kibarazani, taa imemmulika usoni, naye mzee mwenye nyumba ameshika bakuli la pipi kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili, anayarudia maneno yale taratibu, anakisia pango, anakisia kaburi, anashindwa. Kwa kuwa kwetu anayeshindwa hutoa mji, watoto wangu hawakusema jibu mpaka mzee aongeze pipi ya pili, na hapo ndipo walipomwambia kwamba ni yai. Yule mzee alimwita mke wake aje kusikia, na kuanzia hapo kila Oktoba alituuliza mapema, tulipokutana kwenye masanduku ya barua, kama mwaka huu tuna kigumu zaidi.

Sasa watoto wamekua, na mjukuu wangu hupelekwa Jumamosi mchana kwenye maegesho ya magari, ambako magari yamepangwa mstari, buti zimefunguliwa na kupambwa, na kila mtoto anapita na ndoo yake akitiliwa pipi bila kuulizwa neno. Anarudi na pipi nyingi kuliko walizowahi kupata mama na wajomba zake, ila hajui jina la mtu hata mmoja aliyempa. Hata tarehe yenyewe ilitikiswa: mwaka 2024 jiji liliusogeza usiku huo hadi tarehe 31 kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, na mjadala ukazuka kama uhamishwe moja kwa moja. Je, kwenu imekuwaje, na mmefanikiwa kushika nini?

Baba_Minnesota

Mama, salamu zako nimezipokea, na habari ya kutoa mji imenifurahisha sana. Huku kwetu hatuna sharti la kitendawili, lakini tuna sharti la baridi, maana mwishoni mwa Oktoba mara nyingi ardhi huamka na barafu, na mzazi yeyote wa hapa anajua kwamba vazi la Halloween hupimwa mtoto akiwa amekwisha kuvaa jaketi zito. Wenyeji wa makamo wote wanayo simulizi ya dhoruba ya theluji iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991 na kuendelea hadi Novemba 3, ikaacha zaidi ya inchi 28 za theluji katika miji ya Minneapolis na Saint Paul, na karibu inchi 37 kule Duluth. Jirani yangu alikuwa mtoto wakati huo, na anasimulia kwamba walitoka hivyo hivyo, viatu vimefungwa mifuko ya plastiki, na waliobaki nyumbani wakawa wanawamwagia pipi kwa konzi kwa sababu wabisha hodi walikuwa wachache.

Kumbukumbu ninayoipenda mimi ni ya kazi ya mikono. Binti yangu alitaka kuwa kobe, nasi hatukuwa na nia ya kununua vazi ambalo lingevaliwa mara moja. Mke wangu alichukua sinia kubwa la foili, lile la kuokea nyama, akazikunja kingo zake zisimkate mtoto, akatoboa matundu manne na kupitisha mikanda miwili ya kitambaa ili libebwe mgongoni kama begi la shule, kisha wakalipaka rangi ya kijani na kuchora vigamba kwa kalamu ya wino mweusi. Jaketi lilienea chini yake bila shida. Kobe yule alivaliwa na wadogo zake wote, na kila aliyemrithi aliongeza vigamba vyake. Leo dukani kuna mavazi ya kila mhusika wa kila katuni, yameshonwa vizuri, nayo ni mepesi kiasi kwamba hapa Minnesota yanaishia kufichwa chini ya jaketi. Na kwa kuwa yananunuliwa yakiwa tayari, zile jioni za kukaa pamoja sakafuni na mkasi na gundi zimetoweka. Hilo ndilo badiliko linaloniuma.

Kuhusu magari yenye buti wazi, naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Kupangia watoto sherehe si jambo la leo. Mji wa Anoka, ulio jirani na Minneapolis, ulianza sherehe yake ya Halloween mwaka 1920, kwa sababu vijana walikuwa wakifungulia ng'ombe mabarabarani na kuangusha vyoo vya nje usiku huo. Wakubwa wa mji wakaandaa maandamano, wakagawa bisi, karanga na pipi, na mpaka leo mji huo hujiita makao makuu ya Halloween duniani. Kwa hiyo mila hii tangu zamani imekuwa ikitengenezwa upya na watu wazima wenye hofu. Hata kubisha hodi na kuomba pipi hakukuenea Marekani nzima mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, mgawo wa sukari ulipoondolewa mwaka 1947.

Mkwe_wa_Galway (Ayalandi)

Shikamoo Mama wa Wanne. Mimi nimeolewa huku Ayalandi, na niliyoyakuta kwa wakwe zangu yanatofautiana sana na ya Marekani, ingawa asili ya mambo haya mengi ni huku. Kabla ya Ukristo, watu wa hapa na wa Uskoti walikuwa na Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, wakati ambapo mifugo iliteremshwa kutoka malisho ya milimani na moto mkubwa ukakokwa. Baadaye Kanisa likaiweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mambo hayo mawili yakaishi pamoja. Waayalandi waliokimbia Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 waliyabeba mengi ya hayo hadi Marekani.

Mama mkwe wangu husimulia kwamba utotoni mwake hakuna aliyechonga boga. Walichonga tanipu, jamii ya figili lakini nene na ngumu kupita kiasi, na kazi hiyo ilichukua jioni nzima, kijiko kikipinda na mikono ikinuka. Tanipu likikauka linanywea, sura inakunjamana na meno yanajitokeza, kwa hiyo ni kitu cha kutisha kweli, si kama boga lenye uso wa kucheka. Anayetaka kuamini aende Turlough Park katika kaunti ya Mayo, kwenye jumba la makumbusho ya maisha ya vijijini, aitazame sanamu ya tanipu la namna hiyo lililochongwa zamani. Watoto wangu walikataa kusimama karibu nayo.

Chakula ndicho kilichobaki imara. Mezani kuna viazi vilivyopondwa pamoja na kabichi au sukuma wiki na siagi nyingi, halafu unaletwa mkate wa zabibu kavu wenye pete ndani yake. Kila mtu hukata kipande chake na kutafuna kwa uangalifu, kwa kuwa anayeipata pete huambiwa kwamba ataoa au kuolewa kabla mwaka haujaisha. Zamani waliweka pia sarafu kwa ajili ya utajiri na kipande cha kitambaa kwa ajili ya ufukara, lakini mikate ya dukani siku hizi huwa na pete peke yake. Mwaka niliofika kama mchumba, pete niliipata mimi, na mpaka leo familia nzima inabishana kama mama mkwe alikijua kipande alichonipa.

Yaliyobadilika ni mengi. Maboga yameenea kila duka, mavazi ni yale yale ya Marekani, na watoto wanarudi na peremende ambapo wazazi wao walirudi na tufaha na karanga. Hata hivyo tunaendelea na beseni la maji lenye matufaha yanayoelea, ambayo lazima yanyakuliwe kwa meno, mikono ikiwa nyuma. Wanangu walilalamika mwanzoni kwamba ni mchezo wa kizamani, lakini sasa ndio wanaoteka maji wenyewe. Ushauri wangu kwako, mama, ni kwamba desturi ya nyumbani haihitaji ruhusa ya mtaa. Mtaa ukigeuka, meza yako ibaki vile vile.

Muuguzi_Chicago

Naomba niongeze jambo ambalo halijatajwa, nalo ni hofu, kwa sababu naamini ndiyo iliyobadilisha Halloween ya Marekani kuliko theluji, maduka au simu.

Majirani zangu wazee wanakumbuka kupewa vitu vilivyopikwa nyumbani: donge la bisi lililoshikamanishwa kwa sukari, tufaha lililochovywa kwenye karameli na kuchomekwa kijiti, biskuti za moto zilizofungwa kwenye karatasi. Leo hakuna mzazi atakayemruhusu mwanawe kula kitu cha namna hiyo kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Mambo mawili yalichangia sana. Mwaka 1974, kule Texas, mtoto alikufa kwa kula pipi ya unga iliyotiwa sumu ya sianidi, na uchunguzi ukathibitisha kwamba aliyeitia ni baba yake mzazi, aliyekuwa amemkatia bima ya maisha. Kisha mwaka 1982, hapa katika eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vilivyotiwa sumu hiyo hiyo, na vifo hivyo vikatokea wiki chache tu kabla ya Halloween. Taharuki ilikuwa kubwa, miji kadhaa ikawasihi wazazi wawaweke watoto ndani, na hospitali zikaanza kupiga pipi eksirei.

Mwanasosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia kwa miongo kadhaa habari zilizochapishwa tangu mwaka 1958, na hajapata tukio hata moja lililothibitishwa la mtoto kuuawa au kujeruhiwa vibaya na pipi iliyotiwa sumu na mgeni aliyekuwa akigawa pipi kiholela. Hatari ya kweli ipo barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliochunguza takwimu za Marekani za miaka 42, uligundua kwamba uwezekano wa mtu anayetembea kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari jioni ya Halloween ni mkubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine zinazolingana nayo. Mimi nimefanya kazi jioni hiyo mara nyingi, na ninaowakumbuka ni watoto waliovaa nguo nyeusi zinazoburuta na vinyago vinavyoziba macho. Kwa hiyo, wapendwa, pakeni watoto rangi usoni badala ya kinyago, kateni pindo lifike juu ya kifundo cha mguu, bandikeni utepe unaong'aa mgongoni, na muwape tochi. Inasaidia kidogo kwamba saa za hapa, ambazo husogezwa mbele kwa saa moja kila mwaka na kurudishwa majira ya baridi yakikaribia, tangu mwaka 2007 hazirudishwi nyuma mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo nuru ya jioni ya Halloween inadumu kwa saa moja zaidi kuliko zamani.

Nisije nikaonekana nimekuja na kanuni peke yake: nyumbani kwangu jambo lililopendwa lilikuwa soko la sakafuni. Wakishafika, watoto walivua viatu, wakamimina kila kitu juu ya zulia, wakatenga chokoleti upande mmoja na pipi ngumu upande mwingine, ndipo biashara ikaanza. Mdogo alichukia karanga na kaka yake alizipenda, kwa hiyo bei ilijulikana: chokoleti moja ya karanga kwa mbili za maziwa. Mimi na baba yao tulikuwa mahakimu. Mabishano yale yalikuwa makali na yenye adabu, na sasa wakiwa watu wazima bado hutumiana picha za mabakuli yao na kuulizana bei.

Mwanajumuiya

Kwa upande wetu Halloween haikuwa ya kwetu. Wazazi wangu walikuwa Wakatoliki wa msimamo, nao walizima taa ya kibarazani jioni ile, kwani kila mtoto wa Marekani anajua kwamba mlango usio na taa haubishwi hodi. Hatukujiona tumenyimwa kitu. Tulikaa mezani na mshumaa, baba akataja majina ya ndugu waliotangulia mbele ya haki, kuanzia babu zake, nasi tukaitikia kila jina. Kesho yake tulikwenda Misa ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 Novemba tukawaombea marehemu wote. Hivyo ndivyo nilivyoyajua majina ya watu wa ukoo ambao sikuwahi kuwaona.

Mimi nimekuwa mzazi na ninafanya tofauti kidogo: majina tunayataja mapema, kabla ya giza, kisha taa inawashwa na tunagawa vitu kwa watoto wa mtaa. Mwanangu ana mzio wa karanga, kwa hiyo mbele ya nyumba tunaweka boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani, alama iliyoenea Marekani tangu mwaka 2014 kuonyesha kwamba katika nyumba hiyo kuna zawadi zisizo chakula, kama penseli na mipira midogo. Huja watoto wenye wazazi waliochoka kusema "hapana" katika kila mlango, na mazungumzo yanayoanza hapo huwa marefu. Baba yangu bado hakubaliani nami kuhusu taa, ingawa mwaka jana alikaa kibarazani akigawa penseli.

Mama_wa_Wanne

Marahaba, mwanangu wa Galway, na nyote nimewasoma kwa makini. Baba wa Minnesota, umenielewesha kuhusu Anoka, na nakubali kwamba magari yale yamepangwa na watu wanaowapenda watoto. Kinachonisumbua ni kwamba mtoto anapokea bila kusema kitu, na hilo sitalikubali kirahisi. Nimezungumza na binti yangu: mwaka huu gari letu pia litakuwa kwenye mstari, nami nitaketi kwenye buti nikiwa na bakuli, na kila atakayekuja atatega au atategewa, akiwa mdogo mno atasema jina lake na tutamhesabia. Baada ya hapo, tarehe ya jiji ikifika, mjukuu atapita angalau nyumba za majirani tunaosalimiana nao, akiwa na tochi ya Muuguzi.

Lakini ameshatangaza kwamba anataka kuwa kobe. Baba, rangi ya kijani juu ya foili tuliyojaribu inabanduka tukiigusa tu. Mlifanyaje?

Baba_Minnesota

Mama, kwanza lisugue sinia taratibu kwa msasa laini mpaka mng'ao upungue, ulifute vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, uliache likauke kabisa. Paka rangi ya akriliki, si rangi ya maji ya shuleni, tabaka jembamba mara mbili au tatu, na usipake la pili kabla la kwanza halijakauka. Vigamba vichorwe mwisho. Mikanda ipimwe mtoto akiwa na jaketi, na kila tundu la mkanda libandikwe utepe wa gundi pande zote mbili, la sivyo foili itachanika kabla hajamaliza mtaa.